Mume Anataka Nyumba New Jersey, Dada Anasema Kodi ya Majengo Itatumaliza

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga. Tunaishi Bronx, New York, na mume wangu na watoto wetu wawili. Nafanya kazi hospitali ya hapa hapa Bronx, zamu tatu za usiku kwa wiki, mshahara wangu dola 98,000 kwa mwaka. Baba watoto yuko kwenye ghala Elizabeth, New Jersey, analipwa 62,000. Tumejibana muda mrefu mpaka tumepata malipo ya awali ya nyumba. Sasa ugomvi umebaki mmoja: tununue wapi?

Yeye ameshaongea na dalali. Kuna nyumba Kaunti ya Union, New Jersey, dola 520,000. Hoja yake ni kwamba huko kodi ya mapato ni ndogo. Anaweka karatasi yake ya mshahara mezani, makato ya New Jersey hayafiki dola 30 kwa wiki, kisha anaweka ya kwangu pembeni, zaidi ya dola 300 kila wiki mbili zinakwenda jimboni na jijini. Hapo nakosa la kusema. Lakini dalali huyo huyo alipotuma maelezo ya nyumba, nikaona kodi ya majengo ni dola 12,400 kwa mwaka. Nilidhani wamezidisha sifuri. Kwa baba Tanga inakatwa kwenye umeme wa LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi, biashara imeisha.

Dada yangu mkubwa anaishi Mount Vernon, kaskazini tu mwa Bronx. Anasema New Jersey itatumaliza, twende kwake. Nyumba tuliyoiona huko ni 540,000, lakini na yenyewe kodi yake ni 14,800! Ya tatu iko Bronx, ya familia mbili, 690,000, kodi 6,700. Na shemeji ana lake: tubaki kwenye nyumba ya kupanga, ila tuandikishe anwani ya binamu yake wa Jersey City ili tusikatwe kodi ya jiji. Anasema watu wengi wanafanya hivyo.

Kila mwaka mwezi wa nne, tukijaza ritani ya kodi, tunaongezea New York dola elfu mbili na ushei, mimi nimechoka. Tukae wapi tukatwe kidogo?

Mama Wawili, Bronx

*

Marahaba, Mama Wawili.

Tuanze na hizo karatasi mbili za mshahara, maana ndizo zilizowachanganya. Mumeo anasoma makato, anadhani anasoma kodi. Mwajiri wa New Jersey anakata ya New Jersey tu, na anakata kana kwamba hizo 62,000 ndiyo riziki yote ya nyumba yenu. Lakini ninyi ni wakazi wa New York, na New York humtoza mkazi wake kwa kila alichopata, popote alipokipata. Inawapunguzia kile mlicholipa New Jersey ili msitozwe mara mbili, kisha inadai tofauti yake, na Jiji la New York linadai la kwake zima. Hizo elfu mbili na ushei za mwezi wa nne zinatoka hapo. Ni kodi ya mshahara wa mumeo, sehemu ambayo haikukatwa mwaka mzima. Kwa hiyo karatasi yake haijawahi kuonyesha anacholipa hasa.

Sasa chukulia mmehamia New Jersey. Viwango vyake kwa wanandoa wanaojaza ritani pamoja vinaanzia asilimia 1.4, vinafika 5.525 mkivuka dola 80,000, na 6.37 mkivuka 150,000. Kwa familia ya kipato chenu ni nafuu kuliko New York, hapo mumeo hajakosea. Alichokosea ni kudhani mshahara wako wewe utahama pamoja na vitanda. Wewe utaendelea kufanya kazi Bronx, na New York inatoza mshahara unaochumwa ndani ya mipaka yake hata kama mchumaji analala ng'ambo ya mto Hudson. Kati ya majimbo haya mawili hakuna makubaliano ya kusameheana, kama yale ambayo New Jersey inayo na Pennsylvania. Utajaza ritani ya New York kama asiye mkazi. New York itakokotoa kana kwamba zote 160,000 ni zake, kisha itachukua fungu la mshahara wako. New Jersey nayo itakupa nafuu kwa ulicholipa huko, lakini mwisho wa nafuu hiyo ni kile ambacho yenyewe ingekutoza kwa mapato hayo hayo. New York ikiwa imetoza zaidi, ziada hiyo hairudishwi na mtu.

Kwa hiyo viwango vya chini vya New Jersey vitamgusa mumeo peke yake. Wewe utakachokwepa ni kodi ya Jiji la New York, ambayo hutozwa wakazi tu. Zamani hata wanaoingia mjini kufanya kazi na kurudi kwao walitozwa kidogo, ikafutwa mwaka 1999.

Nimekokotoa kwa viwango vya mwaka wa kodi 2025, bila kuhesabu michango ya uzeeni. Mkikaa Bronx, jimbo linachukua kama dola 7,800. Utaona kwenye jedwali la New York la mwaka huo viwango vinaanzia asilimia 4, usifurahi. Wanandoa wakifika mapato ya dola 157,650, jimbo linafuta ile nafuu ya ngazi za chini, na kwa mwaka huo watu wa kipato chenu walitozwa asilimia 5.5 kwa kila dola inayotozwa kodi. Jiji linaongeza kama 4,850. Jumla 12,650. Mkikaa Mount Vernon ni hizo 7,800 za jimbo tu, maana ule ni mji mwingine, hauna kodi yake ya mapato. Mkikaa New Jersey, New York inachukua kama 4,780 kwa mshahara wako, na New Jersey inabaki na kama 1,980. Jumla 6,760.

Karibu dola 5,900 chini ya Bronx. Mumeo akisoma hapa atataka kwenda kusaini leo, kwa hiyo ongeza kodi ya majengo kabla hujampa simu. Nyumba ya Union: 6,760 na 12,400 ni 19,160. Nyumba ya Bronx: 12,650 na 6,700 ni 19,350. Mmegombana mwezi mzima kwa tofauti isiyofika dola 200 kwa mwaka.

Mount Vernon inafika 22,600. Kuna nafuu ya jimbo iitwayo STAR ambayo itateremsha kidogo, lakini haizibi pengo hilo. Dada yako simlaumu. Huko bili ya shule inakuja peke yake, ya mji na kaunti nayo kivyake, na mtu anayelipa vipande vipande haoni mzigo wote kwa pamoja. Kaunti ya Westchester imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye kodi kubwa kabisa ya majengo Marekani nzima. Kama mnahamia huko, hameni kwa ajili ya kuwa karibu na dada. Hilo ni jambo jema, ila lina bei yake.

Utauliza, mbona Bronx nyumba ya bei kubwa zaidi inalipa nusu? Jiji la New York lina utaratibu wake: nyumba ya familia moja hadi tatu inatozwa kwa asilimia 6 tu ya thamani ya soko, kisha kwenye hiyo ndiyo kinapigwa kiwango cha takribani asilimia 20. Ukizidisha inatoka kama asilimia 1.2 ya thamani. Tena makadirio hayo hayaruhusiwi kupanda zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, wala 20 kwa miaka mitano, ndiyo maana wengi wanalipa chini ya hapo. Jiji linaweza kujizuia hivyo kwa sababu linakamata mishahara. Mji mdogo wa New Jersey hauna kodi ya mapato ya kwake. Shule, polisi, takataka na mgao wa kaunti, vyote vinaning'inia kwenye nyumba za watu, na shule peke yake huchukua kama nusu ya bili. Mwaka 2024 wastani wa bili ya nyumba jimboni ulivuka dola 10,000 kwa mara ya kwanza. Hiyo 12,400 haikuzidishwa sifuri.

Hapa ndipo nataka mkae chini muongee, na mazungumzo haya ni mazito kuliko ya asilimia. Kodi ya mapato inakufuata mfukoni: mumeo akipunguziwa saa, nayo inapungua, na ghala likifunga, inakoma. Kodi ya majengo haiulizi kama mtu ana kazi. New Jersey inadaiwa kila robo mwaka, tarehe 1 Februari, Mei, Agosti na Novemba, na hata benki ikiwalipia kupitia akaunti ya mkopo, inatoka kwenu kila mwezi, kama dola 1,030 juu ya mkopo wenyewe. Mkimaliza mkopo baada ya miaka 30, inabaki. Kwa hiyo swali la kumuuliza mumeo ni hili: mmoja wetu akikaa miezi sita bila kazi, ni ipi kati ya nyumba hizi tutaweza kuishikilia? Usiulize kwa ukali. Akiwa ametoka kazini amechoka, subiri kesho yake.

Kwa swali hilo Bronx inaonekana salama zaidi, lakini si lazima. Ile ya Bronx mnakopa 170,000 zaidi, na kwa riba ya asilimia 6.5 kwa miaka 30 hiyo ni kama dola 1,070 kila mwezi. Bila mpangaji, mnachookoa kwenye kodi ya majengo kinakwenda benki, tena kinaongezewa juu yake. Mkiwa na mpangaji hesabu inageuka kabisa, pango la sehemu ya pili linaweza kubeba hiyo nyongeza na zaidi, ingawa jimbo na jiji watachukua chao kwenye pango hilo. Basi mjiulize kama mnaweza kuwa wenye nyumba wa mtu mwingine: bomba linapasuka saa nane usiku, wewe uko zamu, mpangaji anapiga simu. Wapo wanaoiweza kazi hiyo. Mimi nisingeiweza.

Kuna gharama nyingine ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeitaja, nayo ni daraja. Lile la George Washington wanatoza unapoingia New York tu, unapotoka hulipi. Leo mumeo analipa kila jioni akirudi nyumbani. Mwaka 2025 saa za msongamano ilikuwa dola 16 na senti kwa mwenye E-ZPass, kile kifaa cha garini cha kulipia ukipita, na siku 240 za kazi ni kama 3,840 kwa mwaka. Mkihamia New Jersey yeye haoni tena daraja, wewe ndiye utakayevuka. Zamu yako ikianza saa moja jioni unaingia saa hizo hizo za msongamano, mara 150 kwa mwaka, kama 2,400. Mnaokoa zaidi ya dola 1,400, mara saba ya ile tofauti ya kodi. Ila pia wewe ndiye utakayeendesha gari asubuhi kurudi Union baada ya saa kumi na mbili za kusimama wodini. Hilo liweke kwenye mizani, halina mstari kwenye ritani.

New Jersey ina nafuu ya wenye nyumba iitwayo ANCHOR. Kwa mapato ya juu ya 150,000 hadi 250,000 imekuwa dola 1,000 kwa mwaka, na kwa walio chini ya hapo 1,500. Sikuiweka kwenye hesabu kwa makusudi. Inalipwa baadaye, kwa kuangalia ulikuwa unamiliki nyumba wapi mwaka uliopita, na inategemea bajeti ya jimbo ya kila mwaka. Ikija, nunulieni watoto makoti.

Upande wa serikali kuu ya Marekani, mnaponunua nyumba mtaanza kuorodhesha matumizi yenu badala ya kuchukua punguzo la kawaida, yaani kiasi cha mapato kisichotozwa kodi, ambalo kwa wanandoa mwaka 2025 ni 31,500. Tangu 2018 kodi za majimbo na majengo ziliruhusiwa kupunguza mapato yenu kwa dola 10,000 tu, hata ukilipa mara tatu yake. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 ilipandisha kikomo hadi 40,000 kwa mwaka 2025 kwa watu wa kipato chenu. Kwenye nyumba ya Union, kodi zenu 19,160 zinaingia zote, pamoja na riba ya mkopo ya mwaka wa kwanza kama 30,000 mkitoa asilimia 10 ya awali. Hapo kodi ya serikali kuu inashuka kwa kama dola 3,900. Bronx nayo ingefaidi, kwa hiyo hili halichagui mji. Na mwaka 2030 kikomo kinarudi 10,000, labda watunga sheria wabadilishe tena.

Kama mtaelekea New Jersey, na kwa kazi zenu zilivyo, bila hamu ya mpangaji, mimi ningeelekea huko, basi msiamini namba ya dalali mpaka mmeitazama bili yenyewe. Nenda, au piga simu, ofisi ya mthamini wa mji huo. Uliza mara ya mwisho nyumba zote za mji kuthaminiwa upya ilikuwa lini. Jersey City ilikaa tangu 1988 hadi 2018, na siku hiyo ilipofika kuna watu bili iliruka na wengine ikashuka. Mji uliochelewa sana unaweza kukushukia mwaka wa pili. Uliza pia kama nyumba imefanyiwa ukarabati karibuni. Nyumba iliyonunuliwa chakavu, ikapigwa rangi na kuongezwa chumba, mara nyingi inauzwa kwa bili ya zamani, halafu Oktoba inakuja bili ya nyongeza, ya kulipwa tarehe 1 Novemba, na anayeipokea ni wewe. Na dalali akikupeleka kwenye nyumba mpya kabisa yenye kodi ya kushangaza kwa udogo, uliza kama ina msamaha wa miaka mitano. Katika misamaha hiyo jengo huanza bila kodi, mwaka wa pili asilimia 20 ya kodi yake kamili, kisha 40, 60, 80, na mwaka wa sita mnalipa yote. Makadirio yakiwa makubwa kuliko thamani, kwa kaunti nyingi mna haki ya kukata rufaa kwenye bodi ya kodi ya kaunti kabla ya tarehe 1 Aprili. Habari njema ni kwamba New Jersey hairuhusu mthamini akupandishie wewe peke yako eti kwa sababu umenunua kwa bei kubwa.

Jambo dogo linalowahusu wauguzi. Kama hospitali yenu inakuwekea akiba ya uzeeni ya 403(b), New York inaiacha isikatwe kodi sasa. New Jersey inaacha ile ya 401(k) tu, ambayo ni ya wafanyakazi wa makampuni. Mkihamia huko, michango yako ya 403(b) itahesabiwa kama mapato, kwa hiyo usishangae fomu ya mwisho wa mwaka ikionyesha mshahara wa New Jersey mkubwa kuliko wa New York.

Na shemeji. Mpe salamu, umwambie hapana. Kodi ya jiji inafuata mnapolala, watoto wanaposoma, gari linapoegeshwa. New York ina wakaguzi wa kazi hiyo hasa, wanaomba rekodi za simu, za shule, na za hiyo hiyo E-ZPass, ambayo itaonyesha mumeo akirudi Bronx kila jioni. Wakikukamata utalipa kodi yote, riba na faini. Na kama bado hamjachukua uraia, fomu ya kuomba inauliza habari za kodi zenu, nawe unaisaini kwa kiapo. Kwamba watu wengi wanafanya hivyo, hao wengi hawatasimama nawe siku ya usaili.

Mkishahama kihalali, wiki hiyo hiyo peleka anwani mpya kwa ofisi ya rasilimali watu hospitalini, ujaze fomu ya New York inayoitwa IT-2104.1 ya kuonyesha si mkazi, la sivyo wataendelea kukukata kodi ya jiji mpaka ufukuzie marejesho mwakani. Mumeo naye amwambie mwajiri wake akate kwa kiwango cha nyumba yenye mishahara miwili. Na mwaka mtakaohama, jazeni kama wakazi wa sehemu ya mwaka pande zote mbili. Mwaka huo tafuteni mtaalamu wa ritani anayezijua New York na New Jersey zote, hata kama rafiki wa kanisani au msikitini anawafanyia bure.